Je, Wajua? Njia ya Uwakili Inapita Mtaani Kwako

Sogea hapa kwenye benchi, kijana wa Ololo. Nawe dada wa Kayole, keti. Nawe mama wa Gikomba ambaye binti yako anakwambia kila jioni kwamba atakuwa wakili, usiende mbali, haya yanakuhusu pia.

Je, wajua kwamba Kiswahili chako kinaweza kukufikisha kwenye shahada ya sheria? Kanuni za Baraza la Elimu ya Sheria za mwaka 2016 zinataka C+ katika KCSE, pamoja na B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Au! Neno la herufi mbili tu, lakini limebeba bahati ya watoto wangapi?

Na je, wajua kanuni hiyo haitaji Fizikia, Kemia wala Hisabati? Soma lugha, andika insha, shindana na fasihi. Lakini usiitupe kalkuleta bado, kwa sababu KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, wanapopanga wanafunzi hutumia fomula yenye kipeuo cha pili ndani yake, na alama ya juu kabisa ni 48. Wakili mtarajiwa anapimwa kwa kipeuo!

Hukupata C+? Usiinuke kwenye benchi. Kanuni zizo hizo zinamkubali mwenye diploma ya sheria aliyofaulu vizuri kutoka chuo kilichoidhinishwa, na zinamkubali mwenye shahada ya fani nyingine kutoka chuo kikuu kinachotambuliwa. Mwalimu wa Jericho mwenye shahada yake ya ualimu anaweza kuanza sheria akiwa na miaka 40, na hakuna wa kumzuia.

Je, wajua cheti chako cha KCSE hakiwezi kuzuiwa kwa sababu ya deni la karo? Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inasema hakuna mtu wala taasisi ya kukishikilia. Nawajua vijana wa mtaa wangu waliokaa miaka na miaka bila kuomba nafasi ya chuo wakidhani cheti ni rehani ya mwalimu mkuu. Hili naomba ulisome mara mbili, kisha umsomee jirani.

Haya, umeingia. Je, wajua shahada ya sheria ina masomo 16 ambayo chuo chochote nchini lazima kiyafundishe? Mkataba, jinai, ushahidi, katiba, ardhi, familia na urithi, kazi na mengineyo, yote yametajwa ndani ya Sheria ya Elimu ya Sheria ya 2012. Hata mtaala wa mawakili umeandikwa na sheria!

Na baada ya miaka 4 bado hujawa wakili. Unavuka mji mzima, matatu moja hadi katikati ya jiji, nyingine hadi Karen, uingie Kenya School of Law. Huko kuna mitihani 9. Karatasi ya kuandika inabeba asilimia 60, na 40 zilizobaki ni za kazi ya mradi na za mdomo. Ndiyo, za mdomo: unasimama unajieleza, kwa hiyo ule ubishi wako wa kijiweni si hasara.

Kisha miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka 5. Ukimaliza, anayekupokea katika uwakili ni Jaji Mkuu mwenyewe. Si naibu, si karani. Na wajua Jaji Mkuu wa sasa, Martha Koome, alizaliwa kijijini Meru katika familia ya watoto 18? Aliapishwa Mei 2021, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo pananisisimua. Je, wajua kwamba Jomo Kenyatta na wenzake 5 waliposhtakiwa Kapenguria mwaka 1952, hakukuwa na Mkenya mweusi hata mmoja kati ya mawakili waliowatetea? D. N. Pritt alitoka Uingereza, H. O. Davies Nigeria, Dudley Thompson alikuwa Mjamaika, Chaman Lall alitoka India. Wakenya waliokuwapo, Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza, walikuwa wa asili ya Kihindi na Kigoa. Serikali ya kikoloni haikutaka Waafrika wasome sheria. Ilijua kwa nini!

Mmoja alipenya hata hivyo. Argwings-Kodhek alisomea uwakili Uingereza, akarudi Nairobi miaka ya 1950 na kuwatetea walioshtakiwa kuwa Mau Mau. Wajua alifariki Januari 1969 kwenye barabara ambayo leo ina jina lake? Ukipita Hurlingham, soma kibao.

Je, wajua Kenya School of Law ilianza mwaka 1963, mwaka wa uhuru wenyewe? Ilizaliwa na mapendekezo ya kamati ya jaji Mwingereza, Lord Denning, iliyoulizwa Waafrika wafundishwe sheria vipi. Kabla ya hapo, aliyetaka kuwa wakili alikwenda London kula chakula cha jioni kwenye kumbi za mawakili wa huko. Sitanii: kuhudhuria idadi fulani ya chakula cha jioni kulikuwa sharti la kuhitimu!

Na chuo cha kwanza cha sheria cha Afrika Mashariki kilikuwa wapi? Si Nairobi. Kilifunguliwa Dar es Salaam, Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU, na wanafunzi wa kwanza hawakuzidi 15. Matatu moja ingewabeba, na kiti kingebaki. Nairobi ikafuata mwaka 1970, Moi mwaka 1994. Effie Owuor, Mkenya wa kwanza mwanamke kuwa hakimu, kisha jaji wa Mahakama Kuu, kisha wa Mahakama ya Rufaa, alisomea huko huko Dar.

Tukiwa Tanzania, kaza mkanda. Mwaka 2022, wanafunzi 633 walifanya mtihani wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26! Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na 265 wakaanguka kabisa. Nchi nzima ilishika kichwa, hata kamati ikaundwa chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Na je, wajua kuna jaji aliyepandishwa cheo baada ya kuandika hukumu kwa Kiswahili? Ni Zephrine Galeba, wa Mahakama Kuu kule Musoma. Februari 2021 Rais Magufuli alimsifu hadharani na kumpeleka Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama za Tanzania.

Hapa kwetu je? Wajua mahakama ya hakimu, kama ile ya Makadara, inaruhusiwa na sheria kuendesha kesi kwa Kiingereza au Kiswahili? Mahakama Kuu ndiyo imefungwa na Kiingereza. Na mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika ana haki ya mkalimani bila kulipa senti, kifungu cha 50 cha Katiba.

Kifungu hicho hicho kinataka kesi isikilizwe hadharani. Maana yake ni nini kwako? Ni kwamba unaweza kushuka Jogoo Road asubuhi, ukaingia Makadara, ukaketi benchi la nyuma, bure. Mimi nimekaa pale. Karani anaita jina, mtu anainuka akiwa bado ameshika kofia, kiongozi wa mashtaka anasoma shtaka haraka kama kondakta anayetaja vituo, na mkalimani anamgeukia mshtakiwa na kulisema polepole: unakubali au unakataa? Nenda na daftari la kurasa 200. Andika tarehe, shtaka, wakili aliuliza nini, hakimu alijibu nini. Vyuo kadhaa vya binafsi huwaita waombaji kwa mahojiano, na anayeulizwa kwa nini anataka sheria akafungua daftari la siku 10 za Makadara, huyo hahitaji maneno makubwa.

Je, wajua hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure kwenye intaneti? Kenya Law wanaziweka, pamoja na sheria zote za nchi. Kesi uliyoisikia kwenye redio wiki hii inaweza kuwa mfukoni mwako kwa bei ya bando la siku.

Bando limeisha? Kaloleni kuna maktaba, Makadara kuna maktaba, na zote mbili zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk. Ni matawi ya maktaba ya McMillan ya katikati ya jiji, iliyofunguliwa 1931 na kuwafungia Waafrika mlango kwa zaidi ya miongo miwili. Na McMillan, ukitaka kushangaa, ina sheria yake yenyewe ya Bunge inayoilinda. Jengo lenye sheria yake!

Je, wajua kuna mahakama usiyohitaji wakili? Ni ya madai madogo, ya kiasi kisichozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Fundi wa Kariobangi asiyelipwa kazi yake anasimama mwenyewe. Ukimsaidia kupanga risiti zake na jumbe za M-Pesa kwa tarehe, umeshafanya kazi ya kisheria kabla hujavaa joho.

Kituo cha Sheria kimetetea maskini tangu 1973. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Uliza mtaani, wapo.

Unaota ng'ambo? Mtihani wa LSAT wa Marekani unapewa alama kuanzia 120 hadi 180, kwa hiyo hata anayekosa kila swali anaondoka na 120! LNAT wa Uingereza una maswali 42 ya kuchagua na insha moja, yote kwa saa 2 na dakika 15.

Na hakuna kuta zinazozuia kusoma. Susan Kigula alikuwa amehukumiwa kifo Uganda alipoongoza kesi ya wafungwa wengine 417 wakipinga hukumu ya kifo ya lazima. Walishinda Mahakama ya Juu mwaka 2009. Yeye akasomea sheria gerezani kwa njia ya posta, kupitia Chuo Kikuu cha London, akaachiliwa 2016. Gereza la Kamiti nalo limetoa wahitimu wa London. Kamiti!

La mwisho, usinikimbie. Je, wajua Katiba ya Kenya ina vifungu 264, na inapatikana kwa Kiswahili? Ukisoma vifungu 3 kwa siku ndani ya matatu, foleni ya Jogoo Road ikiwa vile ilivyo, unaimaliza kwa siku 88. Anza kesho. Siku ya 3 utaanza na kifungu cha 7, kile kinachosema lugha ya taifa ni Kiswahili.