Oregano Haiogopi Jua, Inaogopa Masika

Pakiti za mbegu za oregano zinazotoka Ulaya huwa na maelekezo mafupi: sia kati ya Machi na Mei. Niliyafuata nikiwa Dar es Salaam. Miche ilichipua vizuri, ikafika urefu wa kidole, kisha Aprili ikaingia na mvua zake. Haikupita wiki mbili mashina yakawa meusi pale yanapogusana na udongo, na kila mche niliouvuta ulitoka bila mizizi. Jirani alinipa pole, akasema jua letu ni kali mno kwa mmea wa ugenini. Jua halikuwa na kosa.

Oregano ni ndugu wa mrehani, mnanaa na kivumbasha. Kwao ni vilima vya mawe vya Ugiriki, Uturuki na kusini mwa Italia, ambako kiangazi hupita miezi mitatu karibu bila mvua na joto la mchana huvuka nyuzi 30. Mmea uliozoea hayo hautishwi na Januari ya Tanga. Hata udongo wa uwanda kule Unguja, ule uliokaa juu ya mwamba wa matumbawe, hauugombi, kwa kuwa vilima vya kwao pia ni vya mawe ya chokaa. Mmea huu usichokizoea ni joto na mvua kuja pamoja. Kwao mvua hunyesha wakati wa baridi, mmea ukiwa umepumzika. Kwetu masika huijaza maji ardhi iliyo na joto.

Tatizo liko hapo. Mizizi hupumua, na oksijeni yake hupita katika vinafasi vya hewa vilivyomo udongoni. Vinafasi hivyo vikijaa maji, oksijeni husafiri polepole kama mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Tena maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo zaidi: lita moja yenye nyuzi 15 hushika miligramu 10 hivi, lakini ikifika nyuzi 30 hushika 7.5 tu. Na joto hilohilo huifanya mizizi ihitaji oksijeni nyingi kuliko kawaida. Mzizi uliokosa hewa hudhoofika, kisha kuvu na vimelea wengine wa udongoni huumaliza.

Kwa hiyo pwani, oregano ifuate kipupwe. Julai, Dar es Salaam huwa na nyuzi 29 hivi mchana na 18 au 19 usiku, mvua ni haba, na kusi hukausha majani. Sia mbegu kitaluni katikati ya Mei, chini ya paa, ili miche ihamishwe mwezi Juni masika yakishakatika. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Zinyunyize juu ya udongo wala usizifukie, maana huhitaji mwanga ili ziote, na huchukua wiki moja au mbili. Mimi siku hizi nachukua kipandikizi cha sentimita 10 kutoka kwenye mmea ambao nimekwisha kuuonja. Mbegu za pakiti moja huweza kutoa miche yenye ladha tofauti kabisa, ilhali kipandikizi hufuata mama yake. Dodoma na Iringa, ambako msimu wa mvua ni mmoja, vivyo hivyo: subiri mvua ziishe.

Changanya udongo na mchanga au changarawe, toboa chungu vizuri, na usimwagilie mpaka udongo ukauke kwa kina cha pingili ya kidole. Vuli ikianza, sogeza vyungu chini ya upenu.

Samadi iwe kidogo. Harufu ya oregano hutoka kwenye tezi ndogo sana zilizo juu ya jani, zenye mafuta ya kavakroli na thaimoli, ambayo ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu na vimelea. Mmea ulioshiba mbolea na maji hutoa majani makubwa, laini, yenye harufu hafifu. Ulioanikwa juani angalau saa sita kwa siku, ukinywa kwa kiasi, ndio unaonukia ukipitiwa na kanzu tu.

Vitabu vya Ulaya hushauri kuvuna maua yanapokaribia kufunguka. Ushauri huo hautufai sana. Oregano huchochewa kuchanua na siku ndefu. Ugiriki, mwezi Juni, mchana hukaribia saa 15, lakini Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Hapa inaweza kukawia sana kuchanua. Ikifika sentimita 15, kata, ukibakiza theluthi moja, asubuhi umande ukishakauka.

Asiye na upenu wa kukingia vyungu vyake Aprili anao mmea mwingine wa kumfaa: Plectranthus amboinicus, wenye majani manene yenye vinyweleo. Jina lake la kisayansi limetokana na kisiwa cha Ambon nchini Indonesia, na kwa Kiingereza huitwa oregano ya Kuba, lakini asili yake ni Afrika ya mashariki na kusini. Pekecha jani lake: ni kavakroli ileile, imetengenezwa na mmea uliozaliwa katika joto letu.