Minyoo ya Ini Huingia Bandani na Mzigo wa Majani

Mfugaji wa Iyunga, Mbeya, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa bandani hushangaa akiambiwa wana minyoo ya ini. Hawajawahi kutoka kwenda malishoni, wanakunywa maji ya bomba, na dawa ya minyoo wanapewa kila baada ya miezi michache. Imepitia wapi? Mara nyingi imeletwa na mzigo wa majani unaoshushwa jioni kutoka kwenye baiskeli au bodaboda.

Minyoo hii ni bapa kama jani, na ni ya kundi moja na ile inayoleta kichocho. Nyanda za juu kusini zina aina mbili. Fasciola gigantica, inayoweza kupita sentimeta 5 kwa urefu, ndiyo iliyoenea zaidi Tanzania. Fasciola hepatica ni fupi na huvumilia baridi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliihusisha na ng'ombe wa uwanda wa juu wa Kitulo, wilayani Makete. Kinachozitenganisha ni konokono. Ya kwanza hutegemea konokono wa majini aitwaye Radix natalensis, ya pili hutegemea konokono mdogo wa matope, Galba truncatula, ambaye kwetu hupatikana kwenye miinuko ya baridi. Pasipokuwa na konokono wake, mnyoo hauna namna ya kuendeleza kizazi.

Mnyoo uliokomaa hukaa kwenye mirija ya nyongo na kutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai hutoka na kinyesi. Kinyesi kikikauka, mayai hufa. Kikiingia majini penye joto la wastani, yai huanguliwa baada ya wiki mbili tatu, na lava anayetoka ana muda wa siku moja hivi wa kumpata konokono. Akimkosa, amekwisha. Akimpata, huzaliana ndani yake mpaka lava mmoja akatoa mamia. Wiki kadhaa baadaye hao hutoka, huogelea, hujibandika kwenye majani karibu na usawa wa maji, hujifunika ganda na kuwa vifuko vidogo. Penye unyevu na ubaridi, vifuko hivyo hukaa hai kwa miezi. Jua kali na ukavu huviua.

Ndiyo maana mwanzo wa kiangazi ni wakati wa hatari. Kuanzia Juni miteremko hukauka, na kijani hubaki mabondeni, kandokando ya mito na kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni. Maji yanaposhuka, mashina yaliyokuwa yamezama huachwa wazi yakiwa na vifuko vyake. Mchungaji hupeleka mifugo hukohuko, na mkata majani huingiza mundu hapohapo. Mtafiti Julius Keyyu na wenzake, katika makala ya mwaka 2005 kuhusu nyanda hizi, waliikuta minyoo hii kwa wafugaji wa asili, kwenye mashamba makubwa ya maziwa na hata kwa wafugaji wadogo wa maziwa. Banda humpunguzia ng'ombe hatari, lakini halimkingi na majani aliyoletewa.

Ng'ombe akimeza vifuko, minyoo michanga hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye ini na kulichimba kwa wiki kadhaa kabla ya kufika kwenye mirija ya nyongo. Kwa kawaida hafi. Hudhoofika polepole: maziwa hupungua, mwili hukonda, manyoya husimama, utando wa jicho hupauka, na wengine huvimba chini ya taya. Kondoo akimeza vifuko vingi kwa mkupuo anaweza kufa ghafla. Machinjioni, mkaguzi wa nyama hukuta mirija iliyonenepa na kukakamaa hadi kisu kinakwaruza, na ini hilo hutupwa. Hata hivyo, mlaji haambukizwi na minyoo mikubwa iliyo ndani ya ini. Binadamu huambukizwa kwa kumeza vifuko vyenyewe, hasa akila mbichi mboga zilizoota majini.

Kwenye dawa, wafugaji wengi hupoteza fedha. Ivamektini haiui minyoo ya ini, wala levamisoli ikiwa peke yake. Albendazoli huua ile iliyokomaa tu, tena kwa dozi kubwa kuliko ya minyoo ya kawaida: kwa ng'ombe ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito badala ya 7.5. Ile inayochimba ini hubaki salama. Triklabendazoli huua michanga na mikubwa, ila nchi kadhaa zimeshapata minyoo sugu kwa dawa hiyo. Uzito usikisiwe kwa macho. Mzungushie ng'ombe utepe wa kupimia nyuma ya miguu ya mbele, maana dozi pungufu ndiyo inayolea usugu. Mweleze daktari wa mifugo kama ng'ombe anakamuliwa au ana mimba: baadhi ya dawa hizi haziruhusiwi kwa ng'ombe wa maziwa, na albendazoli haifai mwanzoni mwa mimba.

Majani yakatwe kwenye miteremko mikavu kila inapowezekana. Ikibidi kukata bondeni, kata juu ya alama ya maji na sehemu ya chini iache. Indonesia, watafiti waliochunguza mashamba ya mpunga walikuta vifuko vikiwa zaidi kwenye theluthi ya chini ya bua; wanaonunua mabua ya mpunga kutoka Usangu wazingatie hilo, kisha wayaanike vizuri juani kabla ya kulisha. Kuyasuuza hakusaidii, kwa sababu vifuko vimeng'ang'ania. Samadi ilundikwe ioze, kwani joto la lundo huua mayai, isisukumwe mtaroni. Sumu ya konokono huua samaki pia, kwa hiyo ni heri kuchimba mifereji, kukausha madimbwi na kufuga bata.

Kalenda nayo ina sababu. Fasciola gigantica huchukua miezi mitatu hadi minne kukomaa, hivyo iliyomezwa Juni, Oktoba huikuta ikiwa tayari kutaga. Dawa ya Oktoba, kabla ya mvua, huizuia kumwaga mayai majini. Ya pili, mwisho wa masika, itolewe kulingana na majibu ya kipimo cha kinyesi.

Kipimo hicho hufanyika maabara, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Iringa. Mwombe afisa mifugo wa kata akuelekeze namna ya kuchukua sampuli. Pima kabla ya dawa, kisha rudia wiki tatu baadaye. Mayai yakiendelea kuonekana, chunguza dozi, dawa yenyewe au usugu. Yakitoweka halafu yakarudi baada ya miezi minne au mitano, chunguza majani: muulize anayekuletea anayakata wapi, na ikiwezekana nenda naye hadi bondeni ukatazame.