Sosiete ni yako, lakini feza yake haiko kwa mfuko wako

Wenzetu waitimu, siku hizi wengi wetu tunafungua SARL ya mtu mmoja. Unapita kwa Guichet unique, unapata RCCM na nambari ya kodi, na jioni ile ile watu wanaanza kukuita boss. Kisha mteja wa kwanza analipa, na swali linakuja: hii feza ninaitoaje? Wengi wanajibu haraka: "Sosiete ni yangu, basi feza ni yangu." Njo hapo matatizo yanaanza.

Sheria ya OHADA, inayofanya kazi kwetu Kongo tangu 12 Septemba 2012, inaruhusu mtu mmoja kuwa na SARL peke yake. Lakini mbele ya sheria, ile SARL iko mtu mwingine. Iko na feza zake, madeni yake na kodi yake. Hilo linakusaidia pia: sosiete ikianguka, mwenye kuidai anafuata mali ya sosiete, hafuate kiwanja cha familia. Ukichanganya mifuko miwili, unabomoa ule ukuta kwa mikono yako mwenyewe.

Kuna milango minne ya kutoa feza kwa haki. Kila mlango uko na bei yake.

1. Mshahara. Wewe ni msimamizi wa sosiete, unafanya kazi, unaweza kulipwa. Kiasi kinawekwa kwa statuti ao kwa uamuzi wa mwenye sosiete. Hata kama uko peke yako, andika ule uamuzi, weka tarehe na sahihi, uweke karatasi kwa klaseri. Mshahara wa kazi ya kweli unahesabiwa kama matumizi ya sosiete, kwa hiyo unapunguza faida inayolipishwa kodi. Upande wako unakatwa kodi ya mshahara, inayopanda kwa ngazi: 3%, 15%, 30%, 40%, lakini jumla haipite 30%. Maana yake mshahara wa kiasi unalipa kodi kidogo. Ongeza CNSS: 5% upande wa mfanyakazi, 13% upande wa mwajiri. Kodi ya mshahara ya mwezi mmoja inalipwa mbele ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukiisahau, penalite inakula kile ulichofikiri umeokoa.

2. Dividandi. Hii ni faida inayobaki kisha kodi. Huwezi kuichukua mwezi wa tatu juu ya kuona konti ya banki imejaa. Kwanza mwaka unafungwa, hesabu zinatengenezwa na kukubaliwa katika miezi 6 inayofuata, kodi ya faida inahesabiwa kwa 30%. Kisha sheria inaomba uweke akiba: 10% ya faida kila mwaka, mpaka ile akiba ifikie 20% ya kapitali. Kile unachogawa baadaye kinakatwa tena kodi ya mobilier, kwa kawaida 20%.

Tuseme sosiete ya mbegu na mbolea iko na kapitali ya dola 1000, na imepata faida ya dola 10000. Kodi ni 3000, inabaki 7000. Akiba ya sheria inasimama kwa 200, inabaki 6800. Ukigawa yote, mobilier ni 1360. Kwa mkono wako inafika 5440. Feza ile ile imelipa kodi mara mbili.

3. Kurudishiwa ulichokopesha sosiete. Huu njo mlango wengi wanausahau, na njo wa bei ndogo kupita yote. Wakati wa kuanza ulilipa gunia za mbegu, upangaji wa depo, pompu, usafiri, yote kwa feza yako. Kama iliandikwa kwamba ulikopesha sosiete, siku sosiete inakurudishia, ile si mapato. Ni deni linalolipwa, na halikatwe kodi. Interesi tu, kama uliomba interesi, njo inalipa kodi.

Rudi kwa ule mfano. Kama ulikopesha sosiete dola 4000 na karatasi ziko, kwa zile 6800 unachukua kwanza 4000 bila kukatwa kitu. Zinabaki 2800 za dividandi, mobilier 560, unapata 2240. Jumla ni 6240. Umepata dola 800 zaidi, juu ya karatasi tu: andiko fupi la mkopo, fakture kwa jina la sosiete, na alama ya banki ao ya mobile money. Bila karatasi, zile 4000 zinakuwa hadithi, na kontable hawezi kuandika hadithi.

4. Kurudishiwa matumizi ya kazi. Mafuta ya moto ukienda kuona mashamba ya wateja, tiketi ya safari ya kazi, mega za simu ya kazi. Kwa kila moja lete fakture, tarehe na sababu.

Sasa ile iliyokatazwa. Wengine wanasema: "Nitajikopesha kwa konti ya sosiete, nitarudisha." Sheria ya OHADA, kifungu 356, inakataza mtu aliye msimamizi ao mwenye hisa kukopa kwa SARL yake, na ule mkataba ni bure. Kutumia mali ya sosiete kwa faida yako, kwa nia mbaya na kinyume cha faida ya sosiete, ni kosa la jinai, kifungu 891. Kuwa peke yako hakukuondoe. Na minervali ya mdogo wako ao chakula cha nyumbani, sheria ya kodi haihesabu kama matumizi ya sosiete. Lipa hayo kwa mshahara wako.

Jambo moja kwa wadogo. Ordonansi-sheria ya 2013 juu ya biashara ndogo iliweka kodi kwa mauzo, si kwa faida: 1% kwa wenye kuuza vitu, 2% kwa wenye huduma, kwa wale wenye mauzo ya mwaka kati ya milioni 10 na 80 za franka. Kama uko kwa mfumo huo, kujiongezea mshahara ili kupunguza faida hakupunguze kodi ya sosiete hata kidogo. Unaongeza tu kodi ya mshahara na CNSS. Kwa hiyo uliza kwanza kwa DGI uko kwa mfumo gani na viwango vya mwaka huu ni ngapi, kisha njo upige hesabu.

Kwa wengi, mpango mzuri unafuata hivi: mshahara wa kiasi kila mwezi, matumizi ya kazi kwa fakture, kurudishiwa deni lako wakati kesi inaruhusu, na dividandi mwisho wa mwaka kama faida iko kweli.

Wiki hii fanya mambo mawili. Fungua konti ao simkadi ya mobile money ya sosiete peke yake. Kisha chukua daftari, andika kila franka uliyoweka kwa sosiete tangu siku ya kwanza, tafuta fakture zake, upelekee kontable. Feza inayotoka bila kodi ni ile iliyoandikwa siku inaingia.