VICHWA VYA SAFU VISIPOTEE MACHONI

Maelezo kwa wanachama na makarani wa matawi

Ndugu Wanachama,

Tangu matawi yetu yaanze kuweka hesabu za karafuu katika kompyuta, makarani wengi wametuuliza jambo moja: yawezekanaje mtu kuteremka mpaka mstari wa 300 wa jedwali, naye bado avione vichwa vya safu vilivyo juu kabisa? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna fedha za watu. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze polepole, ili kila mwenye kuandika apate kuandika sawa, na kila mwanachama apate kujua la kumwuliza karani wake.

Kwanza tuelewane katika maneno. Jedwali la kompyuta siku hizi huitwa lahajedwali. Mistari yake hulala kutoka kushoto kwenda kulia, na kila mmoja una namba yake: 1, 2, 3 na kuendelea. Safu zake husimama kutoka juu kwenda chini, na kila moja ina herufi: A, B, C na kuendelea. Pale mstari na safu vikutanapo pana kisanduku, nacho huitwa kwa herufi na namba yake. Kwa mfano, C4 ni kisanduku kilichomo katika safu ya C, mstari wa 4. Vichwa ni yale maneno ya juu yatuambiayo kila safu ni ya nini: jina, shehia, tarehe, pishi, kilo, fedha zilizokwisha kulipwa, fedha zilizobaki.

Sasa, kioo cha kompyuta ni kidogo na jedwali ni refu. Kioo huonyesha mistari michache tu kwa wakati mmoja, na ukiteremka chini, vichwa hupanda juu vikapotea. Herufi A, B na C hubaki, lakini herufi haijui pishi wala kilo. Hapo karani huanza kuandika kwa kukumbuka, na kukumbuka si kuona.

Kosa langu mwenyewe

Nilipata kuandika hesabu za msimu za kikundi kimoja cha wakulima. Jedwali letu lilikuwa na safu 11. Safu ya G ilikuwa ya karafuu kavu kwa kilo, na safu ya H, iliyo jirani yake, ilikuwa ya makonyo kwa kilo. Kila mkulima ajua kwamba vitu viwili hivi hutoka katika shada moja, lakini bei zake hazikaribiani hata kidogo.

Nilipopita mstari wa 200 vichwa vilikuwa vimekwisha potea kitambo, nami nikiandika kwa mazoea ya mkono. Jioni moja mkono ulikosea. Bibi mmoja, mjane, alikuwa na kilo 38 za karafuu kavu na kilo 6 za makonyo. Mimi nikaandika 6 katika safu ya karafuu, na 38 katika safu ya makonyo. Kompyuta haikulalamika, kwani kwake yeye 38 ni 38 popote iandikwapo. Ikapiga hesabu yake vizuri kabisa, ikatoa jibu la uongo.

Siku ya malipo bibi yule alizitazama fedha alizopewa, akaniuliza, "Mwanangu, karafuu zangu zimegeuka makonyo lini?" Nami, badala ya kuangalia, nikamjibu, "Bibi, mashine ndivyo isemavyo." Hakugombana. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa kile kikaratasi cha mizani alichopewa siku aliyopima, akakiweka mbele yangu mezani. Ilitubidi kukaa siku mbili kuipitia orodha nzima, na tukawakuta watu wengine wanne walioandikwa vivyo hivyo. Wote walilipwa haki yao, lakini lile jibu langu la "mashine ndivyo isemavyo" naona haya nalo mpaka leo. Mashine haikusema kitu. Niliyesema ni mimi, tena bila kuviona vichwa.

Niliyoonyeshwa Mugoma

Dawa ya jambo hili sikuipata hapa visiwani. Niliipata mbali, huko Mugoma katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, upande wa mpaka wa Burundi, nilipokwenda kumzuru mwanangu anayefanya kazi huko. Watu wa kule ni wakulima wa migomba, maharage na kahawa, na mtu wa karafuu akikaa nao hachukui muda kuelewana nao, maana shida za mizani ni zile zile.

Wao huuza kahawa ya maganda, yaani matunda yaliyokaushwa na ganda lake, na pia kuna kahawa safi, ambayo ni buni iliyokobolewa. Kilo 2 hivi za maganda hutoa kilo 1 ya kahawa safi. Basi fikirini mtu akiandika maganda mahali pa safi: mkulima mmoja atapunjwa, au kikundi kizima kitalipa kisichokuwapo. Sisi nasi tuna mambo kama hayo, kwani karafuu mbichi zikikauka hupoteza kama theluthi mbili ya uzito wake, na mbichi ikiandikwa penye kavu ni hasara ya mtu.

Kijana mmoja karani wa kahawa alinipokea kwa shikamoo, akanitilia chai, nami nikamhadithia habari ya yule bibi. Akacheka kidogo kwa adabu, akasema, "Mzee, hata sisi yalitupata." Akaenda kabatini akatoa daftari kubwa la zamani. Ndani yake mlikuwa na ukanda wa kadi ngumu, mrefu sawa na upana wa daftari, ulioandikwa vichwa vyote vya safu. Karani aliyemtangulia alikuwa akiuteremsha ukanda ule mstari kwa mstari kila alipoandika, na hivyo vichwa vilikuwa siku zote juu ya kidole chake.

"Kompyuta nayo ina ukanda wake," akaniambia, "ila lazima uuweke wewe mwenyewe." Akanionyesha. Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika moja, nami nikakumbuka zile siku mbili zetu.

Wala si jambo geni. Programu ya kwanza ya namna hii iliyopata sifa katika kompyuta ndogo ni VisiCalc, iliyotoka Marekani mwaka 1979. Jedwali lake lilikuwa na mistari 254 na safu 63 tu, lakini tangu hapo lilikuwa na amri ya kushikilia vichwa mahali pake. Excel ya leo ina mistari 1,048,576 na safu 16,384. Ikiwa waliokuwa na mistari 254 waliona haja ya vichwa kushikiliwa, sisi tuna haja zaidi.

Namna ya kufanya

Kitendo hiki kwa Kiswahili twaweza kukiita kugandisha. Kwa kuwa kompyuta zetu nyingi zina maneno ya Kiingereza, tutayataja maneno hayo kama yaonekanavyo kiooni.

1. Kwa wenye Excel. Kwanza rudi juu kabisa ya jedwali, mpaka uuone mstari wa 1. Jambo hili lisisahauliwe, kwani mashine hugandisha kile kionekanacho juu ya kioo wakati ule. Kama umekwisha teremka na mstari wa 20 ndio ulio juu, itaugandisha huo wa 20, na vichwa vyako vitabaki vimefichika. Ukiisha rudi juu, bonyeza neno "View", kisha "Freeze Panes". Ikiwa vichwa vyako vimo katika mstari wa 1 peke yake, chagua "Freeze Top Row". Basi, yamekwisha. Teremka utakavyo, mstari ule hautaondoka.

2. Kama wataka na majina yabaki. Jedwali likiwa pana, ukienda upande wa kulia majina nayo hupotea upande wa kushoto, na hapo hujui fedha hizi ni za nani. Tuseme vichwa vyako vimo katika mistari ya 1 mpaka 3, na namba na majina ya wanachama yamo katika safu za A na B. Bonyeza kisanduku C4, yaani kile kilicho chini ya vichwa vyote na kulia kwa majina yote. Kisha fuata "View", "Freeze Panes", halafu "Freeze Panes" iliyo ya kwanza katika orodha. Kila kilicho juu ya C4 na kila kilicho kushoto kwake kitabaki. Usijaribu kuchagua kwanza "Freeze Top Row" na baadaye "Freeze First Column" ukitumai kupata vyote viwili, maana amri ya pili huiondoa ya kwanza.

3. Kwa wenye LibreOffice, ambayo hupatikana bila malipo. Chagua kisanduku kwa kanuni ile ile ya C4, bonyeza "View", kisha "Freeze Rows and Columns".

4. Kwa wenye Google Sheets. Bonyeza "View", kisha "Freeze", uchague ni mistari mingapi na safu ngapi zibaki. Kwa wale watumiao simu, gusa namba ya mstari wa vichwa, fungua orodha ya amri, uchague "Freeze".

Kuondoa ni rahisi. Katika Excel utakuta "Unfreeze Panes" mahali pale pale.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, msigandishe mistari mingi mno. Wako makarani wapendao kuweka juu jina la chama, jina la tawi, mwaka na maelezo marefu, mistari 8 au 10. Yote hayo yakigandishwa katika kioo kidogo, hapatabaki nafasi ya kuonyesha hesabu zenyewe. Yafaa vichwa viwe katika mstari mmoja, au miwili ikibidi.

Pili, kugandisha si kufunga kwa kufuli. Vichwa vilivyogandishwa vyaweza bado kufutwa au kubadilishwa kwa bahati mbaya. Kazi yake ni kubaki machoni tu.

Tatu, kila ukurasa wa jedwali hugandishwa peke yake. Kama faili lako lina ukurasa wa Wete na ukurasa wa Mkoani, ukigandisha mmoja usidhani umegandisha na wa pili.

Nne, kugandisha hakufiki katika karatasi. Ukichapisha orodha ya kurasa 9, vichwa vitatokea katika ukurasa wa kwanza tu, na zile 8 nyingine zitakuwa namba tupu. Katika Excel nenda "Page Layout", kisha "Print Titles", na penye "Rows to repeat at top" onyesha mistari ya vichwa, nayo itarudiwa katika kila karatasi. Hili ni la lazima kabisa kwa orodha zinazobandikwa ukutani tawini, kwa kuwa mwanachama mwenye jina lake katika karatasi ya 7 hana budi naye kujua namba zile ni za nini.

Tano, kichwa chenyewe kiseme kweli yote. Kuandika "Uzito" hakutoshi. Andikeni "Karafuu kavu, kilo", au "Makonyo, kilo", au "Mbichi, pishi". Kichwa kinachobaki machoni lakini hakieleweki hakimfai mtu.

La kufanya kila mwanachama

Ndugu zetu wengi hawataigusa kompyuta maisha yao, na hapana aibu katika hilo. Lakini kila mmoja anaweza kufanya mambo mawili. La kwanza, tunza kikaratasi chako cha mizani mpaka fedha zako zimekwisha lipwa zote. Lile pindo la kanga ndilo lililomwokoa bibi yule na wenzake wanne, wala si akili ya karani. La pili, ukifika tawini kutazama hesabu yako, mwambie karani akuonyeshe jina lako na kichwa cha safu pamoja, katika kioo kimoja, kwa wakati mmoja. Akilazimika kupanda juu na kushuka chini ndipo akueleze, mwombe kwa upole avigandishe vichwa kwanza, ndipo msome pamoja.

Na kwenu makarani wenzangu: fanyeni kazi hii kabla ya kuandika jina la kwanza la msimu, wala si baada ya malalamiko ya kwanza. Mkulima amepanda juu ya mkarafuu, amechuma, amechambua, ameanika, na kila wingu lilipotanda amekimbia kuyakunja majamvi. Jasho lote hilo mwisho wake huwa namba moja katika kisanduku kimoja. Tuhakikishe kimeandikwa chini ya kichwa chake.

Wasalaam.

Karani wenu wa hesabu