MILIMITA MOJA TU! Ile herufi F kwenye M4 ni ya nini?



Juzi kwenye kafe tulikuwa tunaangalia picha za bunduki ya M4. Jamaa mmoja akaona herufi F pembeni ya kilengeo cha mbele, akacheka: "F ni feki hiyo!" Ubishi ukawa mkubwa mpaka muda wangu ukaisha. Mimi sijawahi kushika bunduki ya kweli, ila hili nimelisoma, na sio feki hata kidogo.

Tuanze na msingi. Ukicheza Counter-Strike na M4A1 unapewa alama ya msalaba katikati ya skrini, basi. Bunduki ya kweli isiyo na darubini ina vilengeo viwili vya chuma: nyuma kitundu cha kuchungulia, mbele kijisindano kilichosimama. Jicho, kitundu, ncha ya sindano na shabaha lazima vikae mstari mmoja. Maana yake urefu wa mbele na wa nyuma lazima uoane.

Sasa historia kidogo. M16A2 ilikuwa na mpini wa kubebea juu, ulioundwa pamoja na mwili wa bunduki, na kilengeo cha nyuma kimo humo humo. Baadaye ikaja M4, karabini (yaani bunduki fupi) ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1994. Zikatoka zenye mgongo bapa, ambazo mpini wake unafungwa na kufunguliwa ili uweze kuweka darubini. Mpini huo ukiufunga, kilengeo cha nyuma kinakaa juu zaidi kwa kama milimita 1. Ikabidi cha mbele nacho kirefushwe kwa kiasi hicho hicho. Ndo hicho chenye alama ya F!

Najua utasema, milimita moja ni kitu gani? Hapa ndo penye utamu.

Kati ya vilengeo viwili vya M4 kuna kama sentimita 37. Kosa la milimita 1 kwenye sentimita 37, ukilipeleka mita 100, linakuwa kama sentimita 27. Mita 300 ni zaidi ya sentimita 80. Askari analenga kifua, risasi inapita juu ya kichwa. Kwenye M16A2 yenye kama sentimita 50 kati ya vilengeo, kosa hilo hilo mita 100 ni sentimita 20. Kwa hiyo bunduki ikiwa fupi, kosa linakuwa kubwa zaidi.

Kwa nini risasi iende juu? Jaribu mwenyewe. Chukua rula ya sentimita 30, bandika njiti mbili za kiberiti kwa bigijii, moja kila mwisho, urefu sawa. Chungulia juu ya njiti zote mbili, lenga alama ukutani mita 3 mbele. Sasa kata njiti ya mbele milimita 1, lenga tena. Utalazimika kuinua kichwa cha rula, na rula itakuwa inaelekea sentimita 1 juu zaidi. Mtutu nao ni hivyo hivyo.

Ndo maana kanuni inasema: cha mbele kikiwa kifupi, risasi inapanda, kikiwa kirefu mno, inashuka. Cha nyuma ni kinyume chake.

Sindano ya M4 inazungushwa kama skrubu, na inalia "tik" mara nne kwa mzunguko mmoja. Kila tik inahamisha risasi karibu sentimita 5 kwenye mita 100. Kuziba milimita 1 ni kama tik 6. Unaweza, lakini sindano inachomoza sana na nafasi ya kurekebisha inapungua. Bora sindano ndefu, au kilengeo cha F chenyewe. Kushusha cha nyuma? Hapana. Gurudumu lake lina namba za umbali, mita 300 hadi 600. Ukilitumia kuficha kosa la mbele, namba zote zinakuwa uongo.

Na wanaonunua vilengeo vya kukunja wanakwama hapo hapo: kilichotengenezwa kwa reli ya chini kinakuwa kirefu, ukikiweka kwenye reli ya juu risasi zinakwenda chini.

Kwa hiyo yule jamaa wa feki ana deni langu la soda. Wenye kubisha, uwanja ni wenu hapo chini.

Nawasilisha.