Angusha Drone Kwa Keja, Usiangushe Doo

Manze, hizi drone ziko na uchungu moja: siku ya kwanza kupaisha ndio siku ya kwanza kuangusha. Propela zimekatika, mguu umevunjika, na thao kadhaa zimepeperuka. Ndio maana wasee wenye wako rada hawaanzii fildi. Wanaanzia kwa kompyu, kwa simyuleta ka PicaSim ama Liftoff, wanagonga miti mpaka vidole zizoee. Na hapo kejani hakuna mtu atakuitisha karatasi. Nje ni story ingine: Kenya, KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, ndio inakupea ruhusa ya kupaisha.

Ngori ni kuendesha simyuleta na kibodi. Usijaribu, buda. Kibodi inajua kubonyezwa ama kutobonyezwa, na ndege inadai throto robo, nusu, kidogo tu. Dawa ni rimoti yako yenyewe ibonge na kompyu. Kuna kaadapta kanauzwa ka hiyo wera, lakini kama unajua kushika chuma ya kusolda, kajitengenezee.

Cheki nyuma ya rimoti. Zingine huwa na tundu ya treina, ya kuunga rimoti ya ticha na ya mwanafunzi. FlySky FS-i6, yenye waanzaji wengi wako nayo, tundu yake ni round, pini nne, ka ile ya S-video ya TV za kitambo. Spektrum kibao ni jeki ya 3.5, ncha ni signali, shina ni graundi.

Hapo ndio inatoka kitu inaitwa PPM. Ni mapigo mafupi yanafuatana kwa waya moja. Muda wa kutoka pigo moja hadi ingine ndio unasema stiki iko wapi: milisekunde 1 ni mwisho wa huku, 2 mwisho wa huko, 1.5 katikati. Chaneli zikiisha kunakuwa na kimya kirefu, halafu inaanza upya, ka mara 50 kwa sekunde. Ni ka mat yenye konda haiti stage: unahesabu tangu tao, na ukisinzia umepotea. Kile kimya ndio tao yako.

Sasa bodi ya kusoma hayo mapigo na kuyapelekea kompyu. Ukienda kuinunua Luthuli usikubali kuambiwa Arduino ni Arduino. Dai Pro Micro ama Leonardo, zenye chip ya ATmega32U4, juu hiyo chip inabonga USB yenyewe na kompyu inaiona ka joystiki. Uno ya kawaida huwa na chip ingine hapo kati, na hiyo inajua kazi ya seriali tu.

Waya ni mbili: signali na graundi. Kabla uunge, pima na mita, rimoti ikiwa imewashwa. Kuna zenye hutoa volti karibu za betri nzima, na bodi ya volti 5 haitaki kupita hapo. Zikizidi, zigawanye na rezista mbili. Signali unaipeleka pini yenye interapti, ile hushtua chip pigo likiingia. Kwa Pro Micro ni 0, 1, 2, 3 ama 7.

Programu ni fupi. Kila pigo likiingia, soma micros(), toa ile ya nyuma. Ikipita maikrosekunde 3000, hicho ni kimya, rudi chaneli ya kwanza. Zingine zipeleke kwa laibrari ya joystiki. Mahali wengi hukwama ni hapa: stiki inaruka ruka na hujaigusa. Hii chip ni ya biti 8, so interapti inaeza ingia katikati ukisoma namba ya biti 16, upate nusu ya kitambo na nusu mpya. Zima interapti, kopi namba, washa tena. Ukiwa mjuaji, wachana na micros(), yenye hupima kwa hatua za maikrosekunde 4, utumie Timer1.

Kama rimoti yako inatumia programu ya EdgeTX na iko na USB, hii yote haikuhusu. Chomeka, chagua joystiki, enda zako. Wengine, kwa Windows andika joy.cpl, uone kila stiki inatembea fiti kabla ufungue simyuleta. Na kuna rimoti bado hurusha mawimbi hata ukiwa kwa game, so toa betri kwa drone ya ukweli kwanza.