Kimya cha Mameneja na Barua Mbili za Nokia

Wakenya wana kipawa cha kuvibandika vitu majina. Simu ndogo ya Nokia iliyokuwa na tochi kichwani waliiita "mulika mwizi", na jina hilo likashika hata kwa simu za kampuni nyingine zilizofanana nayo. Aina moja ya simu hizo, Nokia 1100 iliyotolewa mwaka wa 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 200 kote duniani. Msomaji aliyewahi kuimiliki atakumbuka kwamba betri yake ilidumu siku kadhaa, na kwamba ilipoanguka iliokotwa, ikapanguswa vumbi na mazungumzo yakaendelea. Iweje basi kampuni iliyoyafahamu mahitaji ya watu kiasi hicho ipoteze biashara yake yote ya simu za mkononi kufikia mwaka wa 2014?

Wataalamu wa biashara wamelijibu swali hili kwa hesabu za mauzo na bei za hisa. Mimi ni mwanaisimu, na sina budi kulitazama kupitia dirisha langu, yaani lugha.

Yafaa tukumbuke kwanza kuwa Nokia haikuwa ngeni kwa mabadiliko. Ilianza mwaka wa 1865 huko Ufini ikiwa kiwanda cha kusaga mbao za kutengenezea karatasi. Mwaka wa 1967 iliungana na kampuni ya mpira na nyingine ya nyaya, na Wafini wengi walivaa mabuti ya mvua ya Nokia kabla ya kuwahi kuiona simu yake. Jorma Ollila, aliyeshika usukani mwaka wa 1992, aliielekeza kampuni katika mawasiliano na kuziacha biashara nyingine. Kufikia 1998 ilikuwa imeipiku Motorola na kuwa muuzaji mkubwa zaidi wa simu za mkononi ulimwenguni. Kwa hiyo wanaodai kwamba Nokia ilianguka kwa kuwa haikujua kubadilika wanasema jambo jepesi mno.

Mwaka wa 2007 Apple ilileta iPhone. Wahandisi wa Nokia hawakuwa wajinga. Walifahamu kwamba Symbian, programu iliyoendesha simu zao za bei ghali, ilikuwa imezeeka na kwamba kuirekebisha kungechukua muda mrefu. Tatizo ni kwamba ujumbe huo haukupanda ngazi. Watafiti wawili, Timo Vuori na Quy Huy, waliwahoji watu 76, wakiwemo mameneja na wahandisi wa kampuni hiyo, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2016. Waligundua hofu za aina mbili. Wakuu waliwaogopa washindani na wenye hisa, hivyo wakawasukuma walio chini yao watoe simu mpya upesi. Mameneja wa kati nao waliwaogopa wakuu wao, wakaona ni salama zaidi kuitikia "itawezekana" kuliko kusema "haitawezekana". Wakuu wakapanga mikakati yao juu ya ahadi ambazo watoaji wenyewe hawakuziamini.

Katika isimu twasema kwamba maana ya tamko haikai katika maneno peke yake, bali pia katika uhusiano wa wanaozungumza. "Ndiyo" ya mtu anayeihofia kazi yake si kukubali. Ni kujikinga. Methali yetu yaonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi walimu twapenda kuitumia darasani kwa kuwa inatufaa. Huko Nokia aliyevunjika guu ni mkuu asiyesikia la mdogo, na sijui tunayo methali gani maarufu kwa ajili yake. Yamkini mwanafunzi anayejibu "tumeelewa, mwalimu" ilhali hajaelewa lolote anajifunza mapema ufundi ule ule wa mameneja wale.

Mfano wa kinyume tunao hapa nyumbani. Mwaka wa 2005 Safaricom na Vodafone zilianza kuijaribu M-Pesa jijini Nairobi na mjini Thika zikishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu. Nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo yao kwa simu. Wateja, kwa akili zao, wakaanza kuitumia kwa mambo yasiyokuwamo katika mpango, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Waliosimamia majaribio wangeweza kuyaita matumizi hayo makosa. Badala yake waliyasoma kama ujumbe, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 shabaha yake kuu ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Aidha, ilifanya kazi hata kwenye mulika mwizi.

Turejee Ufini. Mnamo Septemba 2010 Nokia ilimwajiri Stephen Elop kutoka Microsoft awe kiongozi wake. Februari 2011 aliwaandikia wafanyakazi barua iliyovuja mara moja. Ndani yake alisimulia kisa cha mtu aliyeamshwa na mlipuko kwenye jukwaa la kuchimbia mafuta katika Bahari ya Kaskazini. Moto ulipomkaribia, ilimbidi achague kuungua au kuruka katika maji ya barafu. Aliruka, akaokolewa. Nasi, Elop akasema, tumesimama juu ya jukwaa linalowaka.

Ni sitiari yenye nguvu, na hapo ndipo penye hatari yake. Sitiari hiyo huacha milango miwili tu, moto na maji. Haimpi msomaji nafasi ya kuuliza iwapo moto waweza kuzimwa, au kama kuna mashua karibu. Siku chache baadaye, tarehe 11 Februari, ilitangazwa kwamba simu janja za Nokia zingehamia programu ya Windows Phone ya Microsoft. Kumbe maji yale yalikuwa na mwenyewe! Simu za kwanza za aina hiyo zilifika madukani mwishoni mwa mwaka, na kwa miezi yote hiyo wauzaji walitakiwa kuwashawishi wateja wanunue bidhaa ambayo kiongozi wake mwenyewe alikuwa ameieleza kuwa inateketea.

Septemba 2013 Microsoft ilikubali kuinunua biashara ya simu za Nokia na leseni za hataza zake kwa euro bilioni 5.44, na mauzo yakakamilika Aprili 2014. Elop akarudi Microsoft pamoja nayo. Julai mwaka huo akaandika barua nyingine. Safari hii hapakuwa na moto. Ilianza kwa salamu nyepesi, kama ya mtu amwonaye jirani uani, ikapitia aya nyingi za mikakati na kuoanisha malengo, na mbali huko ndani ndipo ikataja kwamba watu wapatao 12,500 wangepoteza kazi. Nasi tuna tasfida zetu za "kustaafu mapema", lakini mtaani watu husema wazi kwamba fulani amepigwa kalamu. Mwaka uliofuata Microsoft ilifuta katika vitabu vyake dola bilioni 7.6 kutokana na ununuzi huo.

Mwalimu anayetafuta matini ya kufundishia sitiari na tasfida aziweke barua hizo mbili sambamba mbele ya wanafunzi wake. Kisha awaombe watafute ni katika aya ya ngapi habari ya kazi inatajwa, na waeleze ni kwa nini mwandishi aliyeweza kueleza moto kwa ufasaha kiasi kile aliificha huko.